Mchanga Hauvutwi, Hulegezwa: Fizikia Inayoweza Kuokoa Maisha Pwani

Sisi watu wa Pwani tumezaliwa juu ya mchanga. Tunauchezea tukiwa wadogo, tunaujengea nyumba, tunazika maiti wetu ndani yake, na wako wenzetu ambao ndio riziki yao: wanauchimba, wanaupakia kwenye lori au mashua, wanauuza. Kwa kuuzoea hivyo, ni wachache waliowahi kujiuliza mchanga ni kitu gani hasa. Ni kitu kigumu kama jiwe? Mbona unamiminika kutoka kwenye karai? Basi ni kama maji? Mbona tunatembea juu yake na hatuzami?

Swali hili si la darasani tu. Shimo la mchanga linapoporomoka na kumfukia kijana, watu hukimbia, wakamshika mikono na kuanza kumvuta kwa nguvu zote. Nia ni njema, lakini mara nyingi mtu hatoki, na pengine wale wavutaji ndio wanaouporomosha mchanga uliobaki. Mimi si profesa wa fizikia, nina diploma yangu moja tu, lakini jambo hili nimelisoma kwa muda na naona kila nyumba ya Pwani ingefaa kulijua. Kwa ufupi ni hivi: mchanga unakushika kwa uzito na msuguano, na haukuachii kwa kuvutwa. Hukuachia ukilegezwa.

Si jiwe, si maji

Mchanga uko katika jamii ya vitu vya punjepunje, pamoja na mchele, mtama, sukari na kokoto. Kila punje peke yake ni ngumu. Lakini punje nyingi zikikaa pamoja, huwa na tabia yao ya pekee, na tabia hiyo hutokana na mambo mawili: uzito unaozikandamiza, na msuguano pale zinapogusana. Punje zikikandamizwa sana, msuguano ni mkubwa na mchanga huwa kama sakafu. Ukandamizaji ukiondoka, msuguano nao unaondoka, na mchanga unamwagika kama maji.

Mwaga mchanga mkavu mahali pamoja uone. Utajijenga kilima, na ubavu wa kilima hicho utainama kwa nyuzi 30 hadi 35 hivi. Ongeza mwingine, utateremka pembeni mpaka mwinamo uleule urudi. Maji hayana mwinamo, hujilaza sawa. Jiwe nalo unalichonga utakavyo. Mchanga una mwinamo wake na hauukubali mkali zaidi ya huo. Kumbuka namba hiyo, tutairudia tutakapofika kwenye mashimo.

Jambo jingine ni jinsi uzito unavyosafiri. Mwaka 1895, mhandisi wa Kijerumani aitwaye H. A. Janssen alipima uzito wa nafaka ndani ya ghala refu. Kwa maji, kadiri unavyojaza ndivyo shinikizo la chini linavyozidi. Kwa nafaka aliona mambo tofauti: ukifika kimo fulani, shinikizo la sakafuni halizidi tena kwa kiasi cha maana, hata ukiendelea kujaza. Uzito wote umekwenda wapi? Umekwenda kwenye kuta. Punje husukumana kwenda pembeni, na msuguano wa ukuta unabeba sehemu ya mzigo. Kwa hiyo mchanga haukandamizi chini tu, unabana na ubavuni. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anabanwa kutoka pande zote.

Jaribio la ndoo na kijiti

Chukua ndoo ya mchanga mkavu na kijiti kigumu. Kizamishe wima kwa upana wa vidole viwili, kisha kisukume kuelekea upande mmoja polepole. Sasa kizamishe kwa vidole vinne, ukisukume tena. Utahisi tofauti kubwa. Umezidisha kina mara mbili, lakini nguvu unayohitaji haikuzidi mara mbili, inakaribia mara nne. Sababu ni kwamba sehemu ya kijiti iliyofukiwa imekuwa ndefu zaidi, na juu ya hilo mchanga wa chini umekandamizwa zaidi na ule wa juu yake.

Halafu fanya jaribio la pili. Usibadilishe kina, badilisha mwendo. Kisukume polepole sana, kisha haraka kidogo. Utaona nguvu ni karibu ileile. Hapa ndipo mchanga unapoachana kabisa na maji. Mwenye kupiga kasia anajua: ukitaka kwenda mbio, maji yanakupinga zaidi. Mchanga hauna habari na mwendo wako, ila mwendo ukiwa mkali sana, kama wa jiwe linaloanguka kutoka juu. Ni sawa na kuburura gunia la mchele sakafuni. Ukiliburura polepole au upesi kidogo, uzito mkononi ni uleule, kwa sababu msuguano unafuata mkandamizo, haufuati mwendo.

Maana yake kwa binadamu ni nzito. Mguu uliofukiwa hadi goti na mguu uliofukiwa hadi paja si tofauti ya sentimita chache tu. Kila kina kinapozidi kidogo, mshiko unazidi sana. Na kuvuta kwa pupa badala ya kuvuta kwa utulivu hakukupunguzii chochote.

Unyayo mkavu kwenye mchanga wa maji

Kuna jambo ambalo kila mtoto wa Pwani ameliona. Maji yakipwa, tembea pale ambapo mchanga bado una maji lakini ni imara. Ukikanyaga, mchanga unaouzunguka mguu hukauka ghafla na kuwa mweupe. Wengi hudhani uzito wa mtu umeyakamua maji. Mwaka 1885, Osborne Reynolds, mhandisi aliyefundisha Manchester, Uingereza, alieleza kuwa ni kinyume chake.

Tazama machungwa yaliyopangwa vizuri sokoni. Kila chungwa limekaa kwenye pengo la yaliyo chini yake. Ukitaka safu moja iteleze juu ya nyingine, lazima machungwa ya juu yapande kwanza, yatoke mapengoni. Lundo zima litanenepa. Punje za mchanga ulioshikamana ziko hivyo hivyo. Ukizikanyaga, zinasogea, na zikisogea zinahitaji nafasi zaidi. Mapengo kati yake yanapanuka, na maji ya juu yanazama kuyajaza. Ndiyo maana juu panakauka. Inua mguu, punje zitarudi mahali pake, na kidimbwi kitabaki kwenye unyayo.

Sasa fikiria mtu aliyebanwa. Ili mguu wake utoke, punje zinazouzunguka lazima zisogee, na ili zisogee lazima zipate nafasi ya kupanuka. Lakini juu na pembeni kuna mchanga mwingine unaozizuia. Unapovuta, unazilazimisha punje zipanuke mahali pasipo na nafasi, nazo zinazidi kubanana. Mchanga ukiwa na maji, yale mapengo yanayotaka kufunguka hufyonza, na mguu hunyonywa chini mpaka maji yapate wakati wa kupenya na kuyajaza.

Mwaka 2005, Daniel Bonn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walichapisha katika jarida la Nature utafiti wao juu ya mchanga didimizi, ule wenye maji unaomeza mguu wa mtu. Waligundua mambo mawili. La kwanza ni la kufariji: mtu hawezi kumezwa mzima humo, kwa sababu mchanganyiko ule ni mzito karibu mara mbili ya mwili wa binadamu, hivyo atazama hadi kiunoni hivi kisha ataelea. La pili ni la kutisha: kuutoa mguu kwa mwendo wa sentimita moja tu kwa sekunde kunahitaji nguvu sawa na ya kuinua gari la wastani. Hakuna mkono wa mtu unaoweza hilo, na kamba ikifungwa kwenye gari, kitakachoachia kwanza ni kiungo cha mtu. Njia ya kutoka ni kuuchezesha mguu kidogo kidogo, maji yaingie kuuzunguka, mchanga ulegee.

Viumbe wanaojua kazi hii

Wako viumbe wanaopita mchangani kila siku, na hakuna hata mmoja anayetumia ubabe. Kasa wa huku kwetu, kama wale wanaotaga fukwe za Watamu, hufukia mayai kiasi cha nusu mita chini. Baada ya miezi miwili hivi watoto huanguliwa, na kila mmoja ni mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Hakuna anayeuvunja mchanga ule peke yake. Hufurukuta kwa pamoja. Mchanga wa juu hulegea na kuwadondokea, wao huukanyagia chini, na sakafu yao hupanda taratibu kwa siku kadhaa mpaka wakafika juu.

Katika jangwa la Sahara na Bara Arabu kuna mjusi aitwaye samaki wa mchanga. Mwaka 2009, Daniel Goldman na wenzake wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walimpiga picha za eksirei akiwa chini ya mchanga. Walikuta kwamba akishazama, miguu huibana ubavuni, asiitumie tena. Hujinyonganyonga mwili kama nyoka, akiulegeza mchanga mbele na kuusukuma nyuma.

Huko pwani ya Atlantiki ya Marekani kuna kombe mwembamba mrefu, umbo lake kama wembe wa kinyozi wa zamani. Ukipima nguvu za misuli yake, hazitoshi kumzamisha mbali. Lakini yeye hulifunga gamba lake ghafla, nafasi ndogo ikabaki pembeni, maji yakaingia, na mchanga unaomzunguka ukawa kama uji. Hapo huteremka bila taabu. Amos Winter na wenzake wa chuo cha MIT walitengeneza roboti inayochimba kwa kumuiga.

Wote watatu wana siri moja: kwanza wanaondoa mkandamizo, kisha wanasogea.

Gari lililozama

Dereva anayeingia na gari ufukweni angeweza kujifunza kwao. Gurudumu likianza kuzunguka bila kwenda, yeye hukanyaga mafuta zaidi. Gurudumu nalo huutupa nyuma mchanga uliokuwa umelibeba, gari likashuka, na tumeshaona kwamba kila kina kinapozidi ndivyo mshiko unavyozidi kwa haraka. Hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne litalala kwa tumbo.

Afanyeje? Aache mafuta, ashuke. Apunguze upepo wa magurudumu ili yakanyage eneo pana, kama unyayo mpana wa ngamia wanaobeba watalii kwenye fukwe zetu. Auondoe mchanga ulio mbele ya kila gurudumu, atandike mbao, makuti au mkeka chakavu, kisha atoke polepole bila kukatiza. Akishatoka, arudishe upepo kabla ya kuingia barabara ya lami.

Wala asione haya. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na gari lake, Spirit, kwenye sayari ya Mirihi. Mwaka 2009 lilinasa kwenye mchanga laini. Wahandisi walijaribu kwa miezi mingi kulinasua, na Januari 2010 wakatangaza kwamba halitasafiri tena. Miezi miwili baadaye mawasiliano nalo yalikatika.

Shimo lenye kuta wima

Sasa tuje kwenye lile linalonikosesha usingizi. Tumesema mchanga mkavu haukubali mwinamo mkali kuliko nyuzi 30 hadi 35. Mbona basi machimboni tunaona kuta zilizosimama wima, kimo cha mtu na zaidi? Jibu ni unyevu. Maji kidogo kati ya punje huzivuta pamoja, ndiyo maana watoto huweza kujenga nyumba za mchanga ufukweni. Lakini mshiko huo ni wa muda. Jua likikausha ukuta, unaachia. Mvua ikijaza mapengo yote, unaachia vilevile. Mtu akisimama ukingoni au lori likipita karibu, unaachia pia. Na wachimbaji wengi hufuata mchanga mzuri kwa kuchimba kuingia ndani chini ya ukuta, wakaacha dari inayoning'inia juu ya vichwa vyao. Dari hiyo haitoi mlio wa onyo kama mti unaovunjika.

Wachimba makaburi wetu wanalijua hili kuliko wahandisi wengi. Penye udongo mgumu, mwanandani huchimbwa ubavuni mwa kaburi, upande wa kibla. Penye mchanga, wazee hawathubutu. Huchimba mfereji katikati na kufunika kwa viunza, na sheria yetu imeruhusu hilo waziwazi. Tumekuwa waangalifu hivyo kwa maiti. Kijana aliye hai tunamwacha aingie chini ya dari ya mchanga kwa ajili ya tripu moja ya lori.

Tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1,600 hivi, na wenye maji huzidi hapo. Kifua cha mtu tukikadiria sentimita 30 kwa 40, kikifunikwa na mchanga wa kimo cha nusu mita, kinabeba karibu kilo 96. Hiyo ni kama mifuko miwili ya saruji. Na kila anapotoa pumzi, kifua kinapungua, mchanga unajaza nafasi ile, na pumzi inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kukata roho hata kichwa chake kikiwa nje.

Mwaka 2007, watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba katika muda wa miaka kumi hivi walikuta visa 52 vya watu waliofukiwa na mashimo ya mchanga, na 31 kati yao walifariki. Wengi walikuwa watoto na vijana, waliokuwa wakicheza tu.

Afukiwapo mtu, fanya hivi

Kwanza, watu warudi nyuma kutoka ukingoni. Uzito wao ndio unaoleta poromoko la pili. Wanaobaki karibu walaze mbao au mlango na wakanyage juu yake. Mmoja apige 999 au 112 papo hapo, na mwingine ahesabu: walikuwa wangapi, na nani hajaonekana.

Pili, anzeni na uso, kisha kifua. Karibu na mwili tumieni mikono, karai na sahani. Beleshi lisiletwe karibu na kichwa, na tingatinga lisisogezwe ukingoni.

Tatu, chimbeni kwa upana, msichimbe kisima chembamba. Ili kufika mita moja chini kwenye mchanga mkavu, mwinamo ule wa nyuzi 30 na kitu unadai shimo lenye upana wa mita tatu au zaidi juu. Hiyo ni takriban tani nne za kuhamisha. Mtu mmoja haziwezi. Watu ishirini waliopanga mstari na kupokezana makarai, wakimwaga mbali, wanaziweza.

Nne, msimvute. Msimfunge kamba. Ondoeni mchanga mpaka magoti yaonekane, hapo atatoka kwa urahisi. Hata akionekana mzima, apelekwe hospitali, kwani mwili uliobanwa unaweza kudhurika kwa ndani.

Bora zaidi ni kutofika huko. Mzazi, shimo la ufukweni lisizidi goti la mtoto mdogo kuliko wote, na lifukieni kabla ya kuondoka. Kasa nao watawashukuru, maana mashimo huwanasa. Mwenye machimbo, lipa kijana aukate ukuta kwa ngazi au kwa mwinamo, hata kama mzigo utachelewa. Serikali zetu za kaunti zinatoza ada kwa kila lori la mchanga. Sehemu ya fedha hizo ingetosha kumlipa mkaguzi wa kupita machimboni na kuzifunga dari zinazoning'inia. Na wewe unayejenga, unapoagiza mchanga, muulize muuzaji unachimbwaje. Swali hilo halikugharimu kitu, na kijana aliye chini ya ukuta ule hana nafasi ya kuliuliza.